Tui Nililomtilia Baba Kabla ya Picha ya Ini

Jumapili, Mlandizi. Masika, 1982.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika kidogo adhuhuri, na sasa alasiri inanyesha tena. Bati la nyumba hii ya walimu linapiga kelele hata sijisikii nikifikiri, na leo nashukuru kwa hilo.

Nimeandika mistari mitatu na kuikata yote. Niliandike jambo lenyewe kabla sijalikata tena.

Mimi ndiye niliyeharibu picha ya Baba.

Mpaka leo asubuhi hata mimi sikujua. Nilikuwa binti mwema wa Baba, mwalimu, tegemeo la ukoo, ninayelia vizuri na kupokea pole za majirani kwa adabu. Sasa najua, na sijui niuweke wapi mwili wangu.

Baba ni mkulima wa Kibuta, kule Kisarawe: mihogo, mikorosho, minazi michache nyuma ya nyumba. Ni mtu asiyeugua, au ndivyo alivyotaka tuamini. Maumivu ya ubavu wa kulia aliyaficha karibu mwaka mzima, akisema amelala vibaya. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye aliumbuliwa na macho yake. Yaligeuka manjano kama yamepakwa binzari, na kaka yangu Shomari, anayeishi naye kijijini, akamleta kwangu kabla mvua hazijaikata njia ya kutoka Kibuta.

Alikuja pamoja na Mama Mdogo, mke aliyemwoa baada ya mama yangu kufariki. Mama Mdogo hakwenda shule. Kuandika jina lake nilimfundisha mimi, katika darasa la watu wazima, likizo moja niliyokaa Kibuta. Tangu hapo hajaacha kuniita Mwalimu, hata tukiwa wawili jikoni. Nami sikuwahi kumwambia aache.

Kwetu, karatasi yoyote yenye maandishi huletwa kwangu. Kwa hiyo hospitali kubwa ya mjini nilikwenda mimi, nikakaa mbele ya daktari mimi, nikaitikia kwa kichwa mimi.

Daktari ni kijana, mtu wa bara, amerudi juzi juzi kutoka kusoma ng'ambo. Alinichorea nyuma ya kadi ya Baba. Picha ya eksirei, alisema, inaona mifupa. Ini na mfuko wa nyongo ni nyama laini, kwa hiyo picha ya kawaida inapita tu bila kuviona. Ipo lakini dawa ya vidonge. Mgonjwa akiimeza jioni, inaingia kwenye damu, ini linaidaka usiku kucha na kuimwaga pamoja na nyongo ndani ya mfuko wake. Asubuhi mfuko ule unang'aa kwenye picha, mweupe, na kama kuna mawe ndani yanaonekana kama kokwa nyeusi.

"Kama ni mawe, nitampasua na atapona," aliniambia. "Kama mfuko hauonekani kabisa, basi ini lenyewe limeshindwa kazi. Mtu wa hivyo nikimpasua nitakuwa nimemwua mimi."

Tulisubiri wiki kadhaa manjano yapungue, maana alisema yakiwa mengi dawa haipiti. Yalipopungua akafungua mtoto wa meza akatoa vidonge sita ndani ya karatasi. Ndivyo vya mwisho, alisema. Vingine vimeagizwa, lakini fedha za kigeni hakuna, kwa hiyo nisimwulize lini vitakuja. Nilivifunga kwenye pindo la kanga nikashika fundo lile mkononi njia nzima.

Masharti niliyaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Tangu mchana wa siku ya kumeza dawa mpaka apigwe picha, Baba asile kitu chenye mafuta. Asile nyama, asile mayai, asinywe maziwa. Samli asionjeshwe, siagi asitajiwe, mafuta ya kupikia hata tone. Akishameza vidonge asile kitu mpaka asubuhi. Na kwa kuwa safari ni ndefu na Baba amekonda, alfajiri anaweza kupata uji mwepesi, mtupu.

Nilipomsomea Mama Mdogo orodha hiyo alicheka mpaka akafuta machozi. "Samli na siagi," alisema. "Huyo daktari katoka nchi gani? Dukani mafuta hatujayaona tangu kabla ya mvua. Mume wangu yuko tayari kwa picha tangu mwaka jana."

Nilicheka naye. Kwa kweli sharti lilikuwa jepesi mno. Duka la ushirika lina majembe na kiberiti, na siku nyingine halina hata kiberiti.

Jioni Baba alimeza vidonge vyote, kimoja kimoja, bila kulalamika. Alfajiri nilimpikia uji. Sukari hakuna, kwa hiyo ulikuwa unga, maji na chumvi. Alitia kijiko kimoja mdomoni akageuza uso. Nilimbembeleza, akageuza tena. Niliona mkono wake unavyotetemeka, nikafikiria basi, foleni, benchi la hospitali, nikaogopa ataanguka njiani.

Sukari ikikosekana, sisi tunatia tui. Ndivyo nilivyokunywa uji mwaka mzima huu. Nikamwambia Mama Mdogo akune nazi.

Alikuwa ameshaketi juu ya mbuzi, nusu ya nazi mkononi, alipotulia akaniuliza, "Mwalimu, na nazi je? Kwenye karatasi haimo?"

Nilitazama karatasi. Haikuwamo. "Haimo, Mama. Nazi ni tunda."

Alinitazama kidogo. "Haya," alisema. "Wewe ndiye unayejua kusoma." Akakuna.

Nilikamua tui la kwanza, lile zito, kwa sababu nilitaka Baba apate nguvu. Alikunywa bakuli mbili akakomba na chini. Nilifurahi. Naandika hili ili nisije kulisahau nikianza kujihurumia: nilifurahi sana asubuhi ile.

Mimi ni mwalimu. Kila Jumatatu nawaambia watoto kuuliza si ujinga.

Hospitalini alipigwa picha, tukasubiri. Daktari aliniita peke yangu, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Niliona mbavu za Baba, uti wa mgongo wake, na mahali alipogusa daktari kwa kidole hapakuwa na kitu.

"Asubuhi alikula nini?" aliniuliza.

"Uji mtupu, daktari."

Nimejihoji tangu leo asubuhi kama wakati ule tui lilinipitia akilini. Ningependa kuandika kwamba halikunipitia. Lilinipitia. Sikulifikiria kama mafuta, la, hilo naapa. Nililifikiria kama kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi. Niliona atanidhania mshamba niliyepewa masharti mepesi nikashindwa kuyafuata, baada ya kunisifu mwandiko. Basi nikaliruka.

Aliniuliza tena. "Una hakika? Hakuna kilichotiwa?"

"Nina hakika."

Alikaa. Alisema dawa ingekuwapo angerudia kwa vidonge mara mbili, lakini haipo, kwa hiyo itabidi aende na alichokiona. Aliandika muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio uliniogopesha, "Mrudisheni nyumbani, Mwalimu. Akae na watu wake."

Baba alikuwa kwenye benchi. "Kaona nini?" aliniuliza.

"Kaona ini limechoka, Baba."

"Basi kaona vizuri," alisema. "Na magoti je, hakuyapiga picha?"

Shomari alikuja kuwachukua, Baba na Mama Mdogo. Wiki mbili sasa wako Kibuta. Shomari ameniletea habari kwamba Baba anazunguka na fimbo akigawa mikorosho, huu wa fulani, ule wa fulani. Wangu ni ule wa karibu na njia. Nilipoambiwa nililia mbele ya wanafunzi.

Sasa la leo.

Mafuta bado hakuna, na nywele zangu zimekauka kama brashi. Walimu wenzangu wote siku hizi wanachemsha tui wenyewe. Nami nilikuna nazi nne, nikakamua, nikateleka sufuria, nikaketi kukoroga. Nimefanya hivyo mara nyingi mwaka huu. Tui linachemka, maji yanakauka taratibu, mara juu panaanza kuonekana madoa yanayong'aa, kisha madoa yanaungana. Mwishoni unabaki na masalia ya kahawia chini na mafuta safi juu, unayatia kwenye chupa.

Nilikuwa nimeshika upawa. Nilitazama yale mafuta yalivyo mengi. Nazi nne tu, karibu nusu chupa. Nikawaza kwa uvivu, kama mtu anavyowaza akiwa jikoni, kwamba nazi moja basi ina mafuta kiasi gani. Halafu nikaziona bakuli mbili.

Nilimnywesha Baba mafuta.

Nilikumbuka vilevile daktari alivyonieleza sababu ya masharti, maana niliuliza, nilitaka aone kwamba naelewa. Mafuta yakifika tumboni, alisema, mfuko wa nyongo unajibana na kumwaga kila kilichomo. Ndiyo maana mtu hapewi mpaka picha ipigwe. Kwa hiyo huenda usiku ule ini la Baba lilifanya kazi yake yote. Huenda lilidaka ile dawa na kuujaza mfuko, na alfajiri mfuko ulikuwa mweupe unasubiri. Mimi nikaja na tui la kwanza nikaumwaga. Tukapanda basi, saa zikapita, daktari akapiga picha ya mfuko mtupu, akasema ini limeshindwa.

Huenda. Sina hakika. Pengine ini limechoka kweli na tui halikubadilisha kitu. Nimejaribu kujifariji kwa hilo nimeshindwa, kwa sababu sasa hakuna njia ya kujua, na aliyeiziba njia ni mimi.

Nimejaribu pia kumlaumu daktari. Yeye ni wa bara, kwao wanapikia samli na maziwa, akataja mafuta ya kwao yote akasahau ya kwetu. Mimi ni wa pwani, tui kwangu ni kama maji, liko kwenye wali, liko kwenye mboga, sijawahi kulihesabu. Lawama hiyo ingetosha kama asingeniuliza. Lakini aliniuliza, na mara ya pili akaniuliza hasa kama kuna kilichotiwa.

Nilikuwa bado nimekaa hivyo, moto ukiwaka, nikasikia hodi. Alikuwa Mama Mdogo, amelowa mpaka kichwani, matope yamefika magotini.

Alikuja kuchukua bafta ya sanda. Lazima nieleze hili pia. Shomari alinitumia ujumbe kwamba nguo hazipatikani, na Baba akitutoka ghafla tutamzika na nini, kwa hiyo nitafute sanda mapema, mimi niliye mwalimu nitasikilizwa. Nilikwenda na barua ya balozi wa nyumba kumi, nikasimama, nikaomba, Ijumaa nikapewa. Mwaka huu hata sanda ya mzee wako unaiombea kibali. Niliikunja vizuri nikaiweka sandukuni, na Mungu anisamehe, nilijisikia nimefanya jambo la maana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa hivyo? Nani kakwambia habari mbaya?"

Aliona sufuria, akaona mafuta yanaanza kuungua, akanitoa upawa mkononi bila kuuliza. Aliketi akaanza kuyachota taratibu kuyatia kwenye chupa, maji ya mvua yakimdondoka kwenye viwiko.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Baba yako simpi tena nazi."

"Kwa nini?"

"Siku tuliyorudi nilimpikia muhogo wa nazi. Ubavu ukamkamata akajikunja chini kama mtoto. Nikasema labda ni safari. Nikampikia samaki wa nazi, ikawa vilevile. Nikaacha. Sasa nampa uji wa chumvi na muhogo wa kuchoma, analala usiku kucha. Jana kaenda mikoroshoni mwenyewe, hakushikwa mkono."

Nilimwuliza kuhusu macho. Alisema ni meupe. Kasema hivyo kama jambo dogo.

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu mfuko na mafuta, nikamwambia maneno niliyomjibu daktari, mara ya kwanza na mara ya pili. Sikupamba. Aliendelea kuchota mafuta mpaka nilipomaliza, akaifunga chupa kwa gunzi la muhindi, akaiweka pembeni.

"Nilikuuliza," alisema.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejitetea, najijua mimi Zuhura. Alisema kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka kitu.

Nilimwambia kesho nitakwenda kwa daktari. Dawa hana, picha nyingine hatapiga. Lakini nitamweleza habari ya ubavu na nazi aliyoniambia yeye, huenda ikamsaidia kujua kama ni mawe.

"Mwambie na la kwako."

"Nitamwambia, Mama."

"Uanze na la kwako. Langu hatalisikia kama umelificha lako."

Kisha akasimama, akakamua kanga yake mlangoni, akaniomba bafta. Nilidhani ataiacha. Nilitaka aiache. Nilisema tungoje kwanza, tusiipeleke nyumbani kwa Baba kama bado kuna tumaini.

"Nipe," alisema. "Ukichelewa itatufaa. Ukiwahi nitamshonea kanzu."

Aliifunga ndani ya kanga yangu kavu, akaibana kwapani, akaondoka na mvua yake ili awahi usafiri. Hakuniita Mwalimu alipoaga. Aliniita Zuhura, na sijui kama alinisamehe au alinivua cheo.

Nimekaa hapa tangu alipoondoka. Nimeliandikia barua darasa la nne, mwalimu mkuu atawasimamia kesho. Nimetoa gauni. Nimejaribu kusema kwa sauti, mbele ya kioo, "Daktari, nilikudanganya." Mimi ninayesikika mpaka uwanja wa mpira, sauti haikufika hata kwenye kioo. Nimejaribu mara tano. Mara ya tano nilianza kueleza habari ya sukari na foleni na jinsi Baba alivyotetemeka, nikajikuta najitetea tena, nikanyamaza.

Naogopa atanifukuza. Naogopa zaidi kwamba hatanifukuza, atanisikiliza kwa upole wake ule, halafu ataniambia hawezi kuweka kisu kwenye mwili wa mzee kwa sababu ya kisa cha uji. Na nikiwa mkweli, mimi katika nafasi yake nisingeweka.

Basi la kwanza linapita kabla jua halijatoka. Nitalipanda hata likiwa limejaa mpaka mlangoni, na nitaanza na la kwangu.

Vidonge hakuna. Picha iliyopo ni ya mfuko nilioumwaga mwenyewe. Cha kumpelekea daktari kilichobaki ni neno langu, na neno langu la kwanza aliliamini, akaliandika, akamrudisha Baba Kibuta akafe. Hili la pili ataliamini kwa sababu gani?